Punje Zisizotemwa

Inspekta Munyiva Kiilu alikuwa na gego bovu upande wa kushoto. Daktari wa meno wa Kitengela alishamwambia ling'olewe, naye alikuwa akimkwepa kama mtoto anavyokwepa kuogeshwa. Asubuhi hiyo, ndani ya maabara ya maziwa mjini Kajiado, gego hilo lilifanya kazi ambayo hakuna askari mwingine wa kituo chake angeiweza.

Mbele yake kulikuwa na sahani tatu za punje za komamanga. Alitafuna za sahani ya kwanza, zilizopauka rangi, akameza. Akatafuna za sahani ya pili, nyekundu na tamu ajabu, akameza. Za tatu nazo zilikuwa nyekundu vilevile, lakini zilipofika kwenye gego aliruka kama aliyekanyaga mwiba, akashika shavu.

"Hizi ziko na kokwa," alisema. "Hizo zingine sijui kokwa ilienda wapi."

Linda, mwenye maabara, alimletea maji ya kusukutua. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima maziwa ya wafugaji, na matunda aliyapima juzi kwa kuwa chama cha akina mama wa Naserian hakikumjua mtu mwingine mwenye vipimo. Alikuwa amepima sukari, ukali, unene wa ganda, wingi wa maji na ugumu wa kokwa. Matunda yaliyobaki aliyafungia kwenye friji ya maziwa, kila aina ndani ya boksi lake, na hakuna aliyeyagusa tangu siku hiyo.

Kisa chenyewe hakikuwa na mafumbo mengi, au ndivyo kila mtu kituoni alivyodhani. Akina mama wa Naserian walikuwa wamenunua miche kwa Mustafe Abdiladif, kijana mwenye kitalu Kitengela, aliyewaambia ni Bhagwa, komamanga tamu lenye kokwa laini ambalo wachuuzi wa Eastleigh hulinunua bila kubembelezwa. Miche ilipandwa karibu na Isinya, ikanyweshwa maji ya kubebwa na punda kiangazi chote, na bado ilikuwa haijazaa. Kabla ya kupanda shamba la pili, akina mama waliamua kuyalinganisha matunda ya miti mama ya wenye vitalu, ili wajue wangojee nini. Yakaletwa maboksi matatu: Ganesh kutoka kwa mkulima wa Ngong, Bhagwa ya Mustafe, na Wonderful ya Nashon Mbaluka wa Tuala. Yalipopimwa na kuonjwa katika ukumbi wa Kajiado, Wonderful ilishika namba ya kwanza. Bhagwa ilivuta mkia, kali, yenye kokwa kama changarawe.

Akina mama waliona wametapeliwa. Mustafe alikamatwa jana, na kesho angepandishwa kizimbani. Hiyo kesho yenyewe, jua likichomoza, akina mama wangeingia shambani na majembe kung'oa kila mche, na Nashon angewaletea yake wapande mahali pake. Korti inaweza kumwachilia mtu siku yoyote ikijua imekosea. Mche ukishang'olewa, basi. Munyiva alikuwa na siku moja tu, na hakutaka kuipoteza hata kidogo.

Alimuuliza Linda kama vipimo vyake vingeweza kukosea.

"Maziwa au tunda, afande, sukari ni sukari," Linda alijibu. "Lakini majina si yangu. Maboksi yalikuja yameandikwa aina, mimi nikapima yenye nimeletewa."

Munyiva aliyashika maneno hayo, akatoka. Alipofika kituoni alimtoa Mustafe seli akaketi naye chumba cha mahojiano. Kijana alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi, ila ulimi wake ulikuwa mzima. Munyiva hakumuuliza kama alitapeli. Alimtaka amweleze tofauti ya komamanga na komamanga, akamwacha aseme.

Mustafe alisema Ganesh hata mtoto huitambua, ni ya rangi ya waridi na ganda lililopauka. Wonderful na Bhagwa ndizo huwachanganya watu kwa macho, maana zote ni nyekundu. Ila Wonderful ganda lake ni nene, ladha yake ina ukali unaouma ulimi, kokwa lake ni gumu, na huchelewa kuiva. Wenye kukamua juisi huipenda. Bhagwa unaimeza yote usijue kama ilikuwa na kokwa.

"Nilionja pale mezani, yenye wameita yangu," alisema. "Nikawaambia si yangu. Wakaniambia mwizi akishikwa hukana hata mamake."

Munyiva alimuuliza kama miti yake ilikuwa na tunda lolote. Hakukuwa na hata moja. Msimu ulikuwa umekwisha na mzigo wa mwisho ulishaenda Eastleigh. Hilo lilimuudhi Munyiva, kwa sababu tunda moja tu mtini lingemaliza maneno. Hata hivyo aliondoka akiwa na jambo la kufuatilia. Kama kijana anasema kweli, matunda yalibadilishwa mahali fulani kati ya mti na meza, na aliyefaidika alikuwa mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, ila lazima uitembee mwenyewe mpaka mwisho.

Nyumba ya Mustafe ilikuwa nyuma ya kitalu. Mama yake, Faysa, alimfungulia mlango akiwa amejifunga mtandio mweusi, na kabla ya salamu kwisha alikuwa ameshavisifia viatu vya mgeni kuwa ni wonderful. Alikuja kutoka Wajir mwanawe akiwa bado mgongoni. Kiswahili alikiokota sokoni, na Kiingereza chake chote kilikuwa neno hilo moja, ambalo alilitumia bila uchoyo. Chai ya maziwa ya ngamia aliyomimina ilikuwa wonderful. Mtoto wake, aliyelala seli usiku mzima bila blanketi, alikuwa mtoto wonderful. Alilitamka huku machozi yakimtoka, na Munyiva akainamia kikombe chake.

Alipoulizwa kama kuna tunda lolote lililobaki, Faysa alileta makomamanga mawili aliyokuwa amemfichia mwanawe. Alitandika kitambaa juu ya mkeka, akapasua moja kwa vidole, taratibu. Punje moja iliruka ikapotelea chini ya mkeka. Mama yule aliacha kila kitu, akaufunua mkeka, akaitafuta mpaka akaipata, akaipangusa, akasema bismillahi, akaila.

"Wazee walituambia kila komamanga liko na punje moja ya peponi," alieleza. "Hujui ni gani. Kwa hivyo unakula zote. Hii nyumba hatutemi. Sasa mtu wa kutotema atapanda tunda ya kutema?"

Munyiva alitafuna kwa upande wa kushoto, makusudi. Gego lilinyamaza. Zilikuwa punje za sahani ya pili, zile za Kajiado zilizopewa jina la Wonderful na kushika namba ya kwanza; angeapa kwa hilo. Lakini alijua pia kwamba hakimu hatapokea ushahidi wa gego, na kwamba akina mama wangesema matunda ya jikoni kwa mama mtu yanaweza kununuliwa popote.

Aliuliza boksi lilifikaje kwa chama. Faysa alisema alilibeba mwenyewe hadi dukani kwa karani wa chama, kwa kuwa Mustafe alikuwa msikitini, na alilikabidhi mkono kwa mkono. Hakusimama njiani wala hakumpa mtu amshikie. Munyiva alimshukuru. Alibaki Nashon.

Barabara ya kwenda Tuala ilikuwa ya vumbi na mawe, na gari la kituo lililalamika njia nzima. Nashon Mbaluka alimpokea mgeni wake kwa bashasha, akamsalimia kwa Kikamba, akamwita dada. Alikuwa mtu mnene wa sauti ya upole, mwenye kofia safi, na kitalu chake kilipangwa vizuri kuliko ofisi nyingi ambazo Munyiva aliwahi kuziona. Miti yake ilikuwa bado imejaa matunda. Munyiva aliikumbuka kauli ya kijana wa seli kwamba Wonderful huchelewa kuiva, akaiweka akilini.

Alimuuliza alikuwa wapi siku maboksi yalipokabidhiwa. Nashon alikuwa na jibu, tena lenye mashahidi: tangu asubuhi alikuwa Ngong kwenye mazishi ya shemeji yake, akaunganisha moja kwa moja hadi ukumbini Kajiado. Boksi lake alimpa mtu wa bodaboda. Munyiva alipiga simu mbili hapo hapo, moja kwa mchungaji aliyezika na nyingine kwa mwenye bodaboda, na kila kitu kikalingana. Nashon hakuwa amelikaribia boksi la Mustafe. Nadharia nzuri aliyokuja nayo kutoka Kitengela ilimfia mikononi.

Mwenyeji hakuona uchungu huo, au aliuona akaufurahia. Aliagiza kiti cha pili kivulini, akachuma tunda moja mtini, akalipasua kwa kisu na kumkaribisha. Munyiva alitafuna kwa upande wa kushoto. Safari hii alikuwa tayari, na bado maumivu yalimfika hadi sikioni. Nashon mwenyewe alikula huku akiongea habari za mvua, na kila baada ya muda aligeuza shingo akatema kokwa pembeni bila hata kutazama. Ardhi iliyozunguka kiti chake ilikuwa nyeupe kwa kokwa zilizokauka.

"Na hii ndiyo ilishinda?" Munyiva aliuliza.

"Ndiyo hiyo, dada. Niliandikisha kituoni: niliionja pale mezani, ni yangu, naijua kama mtoto wangu."

Munyiva aliomba matunda mawili ya kubeba, akayachuma mwenyewe mbele yake. Nashon alimpa kwa moyo mweupe. Ndani ya gari hakuliwasha mara moja. Tunda la mti wa Nashon lilikuwa lile lile lililoitwa la Mustafe, na tunda la jikoni kwa Mustafe lilikuwa lile lililoitwa la Nashon. Yamebadilishana nyumba, na aliyefaidika hakuyagusa. Basi kosa lilikuwa mahali ambapo maboksi yalipewa majina.

Elizabeth Nashipae, karani wa Naserian, alikuwa na duka la dawa za mifugo Kitengela. Munyiva alimkuta akimpimia mzee mmoja dawa ya kupe, akasubiri zamu yake kama mteja.

"Takwenya," alimsalimia karani kwa Kimaasai, yule mzee alipokwisha kutoka.

"Iko," Elizabeth aliitikia, na uso wake ukabadilika alipoitambua sare.

Alikuwa mama mwenye kufuata taratibu, na ndizo alizozieleza kwanza. Chama kilikuwa kimekubaliana kwamba boksi lisiandikwe jina la mwenyewe, ili asipendelewe mtu. Liandikwe aina tu. Siku ya kupokea, dukani kulijaa watu wa chanjo. Boksi la Ngong lilijulikana kwa rangi yake. Boksi jingine lililetwa na mtu wa bodaboda ambaye hakujua chochote. La tatu lililetwa na mama mmoja wa mtandio mweusi, aliyelitua juu ya kaunta akihema.

"Ulijua ni nani?"

"Sikumjua. Mustafe huwa anakuja mwenyewe. Nikamuuliza, mama, hizi ni gani? Akanijibu vizuri kabisa."

"Alijibu nini?"

"Wonderful. Alisema mara mbili. Wonderful, wonderful. Nikaandika. Sasa ile ya bodaboda ilikuwa imebaki Bhagwa."

Munyiva alishika ukingo wa kaunta. Alikumbuka viatu vyake, na chai, na mtoto. Hakukuwa na mwizi wala mkono wa mtu katika jambo hili. Mama alisifia tunda la mwanawe kwa neno zuri kuliko yote aliyoyajua, na neno hilo likaandikwa kwenye boksi kama jina lake. Hasira ikampanda na hakuwa na wa kumwelekezea. Kinywa ni jumba la maneno, wahenga walisema, ila hawakumwonya mtu kuwa jirani anaweza kuingia jumba hilo kwa mlango mwingine.

Alipomweleza, Elizabeth aliketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Alijifunika uso kwa mikono, akasema kwamba yeye ndiye aliyewapigia simu polisi.

"Utalia baadaye," Munyiva alimwambia, si kwa ukali. "Bado kuna kitu. Siku ya kuonja, nani alitoa vyombo mezani?"

"Mimi."

"Sahani ya Nashon, ya yale matunda yaliyoshinda. Kulikuwa na nini juu yake?"

Elizabeth alifikiri. Alikumbuka kwa sababu Nashon aliomba aongezwe, akala na ile nyongeza. Sahani yake ilirudi tupu, haikuwa na hata punje moja. Ya Bhagwa ndiyo iliyojaa kokwa, za kila mtu.

Munyiva alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mtu ambaye hutema kila siku ya Mungu, hadi uwanja wake umekuwa mweupe, alikaa mezani akala sahani mbili na hakutema kitu. Mdomo wake ulijua tangu tonge la kwanza kwamba tunda lile si la kwake. Kisha akapigiwa makofi, akasimama akayapokea.

Asubuhi iliyofuata, shambani karibu na Isinya, akina mama walikuwa wameshajipanga kwenye mistari ya miche, majembe mabegani. Punda walifungwa pembeni. Nashon alikuwa ameleta pikapu iliyosheheni miche yake, na kofia yake ilikuwa safi kama jana. Munyiva aliingia na Linda na Elizabeth, akaenda moja kwa moja kwa mama mzee aliyekuwa mbele ya wote, ambaye jembe lake lilishainuka.

"Yeyo, mama, weka chini kwanza," alimwomba. "Nikimaliza, kama bado unataka kung'oa, nitakusaidia."

Mama yule alimpima kwa macho, akalishusha. Munyiva alipanga sahani juu ya boneti ya pikapu. Linda alikamua tone la tunda lililochumwa Tuala juu ya kipima sukari chake, akasoma kwa sauti. Akakamua la boksi lililoandikwa Bhagwa, akasoma. Namba zilikuwa ndugu. Akapima maganda, yote manene. Kisha akina mama wakaitwa kuonja, wakaanza kutema chini na kutazamana.

Munyiva alimsogezea Nashon sahani ya kwanza. "Hii nilichuma kwa mti wako, mbele yako. Kula."

Alikula. Akageuza shingo, akatema, kama kawaida yake.

"Hii ya pili ndiyo ilishinda kwa jina lako. Kula pia."

Mkono wa Nashon ulichelewa kidogo. Alizitia punje mdomoni, akatafuna, na sasa shamba zima lilikuwa likiutazama mdomo wake. Hakuwa na kitu cha kutema. Alimeza.

"Mimi sikubadilisha chochote," alisema.

"Najua. Hakuna aliyebadilisha. Karani alisikia neno vibaya, na atawaeleza mwenyewe. Lakini ile siku ulikula sahani mbili, Nashon. Ulitema wapi?"

Nashon aliivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Munyiva alimkumbusha maneno aliyoyaandikisha kituoni, kwamba aliionja na ni yake na anaijua kama mtoto wake. Akamwambia kwamba kudanganya polisi ili mtu mwingine afungwe ni kosa lenye jina, na kwamba atapanda gari pamoja naye. Nashon alimwita dada tena, kwa sauti ya chini. Munyiva alimfungulia mlango wa gari.

Elizabeth alisimama mbele ya wenzake akaeleza habari ya lile neno moja. Mama mmoja alianza kucheka, akajiziba mdomo. Yule mama mzee wa mbele aliliokota jembe lake, akainama kwenye mche uliokuwa karibu zaidi, akaurudishia udongo uliokuwa umemeguka, akaubana kwa kisigino. Wengine wakashuka kwenye mistari wakaenda kuwafungua punda, kwani maji ya siku hiyo yalikuwa bado hayajaletwa.

Kabla ya saa ya korti, jalada la Mustafe lilikuwa limefungwa. Faysa alikuwa kituoni tangu alfajiri, ameketi kwenye benchi na chupa ya chai mapajani. Elizabeth alipiga magoti mbele yake akamwambia yote, hata simu. Faysa alimsikiliza bila kumkatiza. Alipoelewa ni neno gani lililomlaza mwanawe chini kwenye saruji, alimshika Elizabeth bega akamwinua.

Mustafe akatolewa, viatu mkononi, bila mshipi. Konstebo wa kaunta, kijana aliyeingia zamu asubuhi hiyo na asiyejua lolote, alimtazama mama.

"Huyu ni nani wako, mama?"

Munyiva aliliona neno likija mpaka kwenye midomo ya Faysa. Aliona midomo ikifunguka kulitoa, ikasita, ikafunga. Faysa alilimeza.

"Ni wangu," alisema.